Mbegu Isikae Nyumba Moja

Mvua za kwanza zikinyesha siku tatu kisha zikakatika, mkulima anajua kinachomngoja: mbegu zimeota, jua limezichoma, na inabidi apande upya. Mwenye fedha ataenda duka la pembejeo. Asiye nazo ataenda kwa jirani, atasalimia, ataulizia habari za watoto, kisha atataja shida yake. Jirani akiwa na akiba atampimia pishi mbili za kunde au kisado cha mtama, naye atarudi shambani. Mbegu nyingi za wakulima wadogo husafiri kwa njia hii. Mtama, uwele, njugu mawe, kunde, mbaazi, maharage, viazi vitamu na muhogo unaopandwa vijijini kwetu, sehemu yake kubwa haikutoka dukani. Ilitoka ghala la mkulima mwenyewe, kwa jirani, au kwa mama anayeuza nafaka sokoni.

Njia hiyo ina nguvu kubwa na udhaifu mmoja. Nguvu yake ni kwamba mbegu hufika kwa wakati, bila fedha, na mpokeaji anaijua tabia yake kwa sababu ameiona ikikua ng'ambo ya mpaka wa shamba lake. Udhaifu wake ni kwamba inamtegemea yule mmoja aliyetunza. Akiugua, akihama, ghala likiungua au njaa ikamlazimisha kula hata mbegu, aina nzima inaweza kutoweka kijijini kwa msimu mmoja. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua mbegu, kuikausha, kuihifadhi na kuipima, na jinsi kikundi cha majirani kinavyoweza kuilinda isipotee.

Tuanze na mbegu isiyofaa kurudiwa. Mahindi chotara hununuliwa upya kila msimu. Yamezaliwa kwa kukutanisha wazazi waliochaguliwa, na uzao wa kwanza ndio wenye nguvu. Ukipanda punje zake, shamba linalofuata huja na mchanganyiko: mmea huu mrefu, ule mfupi, huu umechanua mapema, ule umechelewa, na mavuno hushuka. Wakulima wengi hudhani wametapeliwa, kumbe ndivyo uzazi wa mahindi ulivyo. Ila si kila mbegu ya utafiti ni chotara. Staha, Situka na TMV-1 za Tanzania, au Katumani iliyotoka Machakos katika miaka ya 1960 kwa ajili ya maeneo yenye mvua chache, unaweza kuzirudia misimu kadhaa ukizichagua vizuri. Mbegu za asili nazo zimerudiwa hivyo kwa vizazi. Kabla ya kuhifadhi chochote, uliza jina la aina uliyopanda. Kama mfuko ulitupwa na jina halikumbukwi, usiifanye mbegu ya kikundi.

Chagua mbegu shambani, si ghalani

Kosa la kawaida ni kungoja mahindi yafike nyumbani, yarundikwe, halafu mtu aanze kuokota makubwa. Hapo tayari umepoteza nusu ya habari. Hindi lililo mkononi halikuambii kama mmea wake ulisimama wima upepo ulipovuma, kama ulibaki na majani mabichi wenzake waliponyauka, au kama ulizaa kwa sababu tu uliota juu ya boma la zamani la ng'ombe.

Mwangalie mama aliyeizoea kazi hii. Anaingia shambani mahindi yakiwa yamekomaa lakini bado yamesimama, na kipande cha kanga kuukuu begani. Anapita kati ya mistari polepole. Mmea wa pembeni mwa shamba anauacha hata kama umezaa vizuri, maana umepata mwanga na nafasi kuliko wenzake. Ulio karibu na kichuguu anauacha pia. Anatafuta mmea uliobanwa na majirani pande zote nne na bado ukazaa. Huo una nguvu ya kuzaliwa nayo. Akiupata anachana uzi wa kanga na kuufunga kwenye bua. Anatazama hindi limekaa wapi: likiwa juu mno mmea utaanguka, likiwa chini mno panya na mchwa watalifikia. Kisha anashika ncha ya hindi kuona kama maganda yameifunika na kuibana. Wanaovuna kwa haraka hawaoni uzito wa jambo hili. Ganda lililobana huzuia maji ya mvua, na huwazuia fukusi, ambao huanza kushambulia mahindi yangali shambani.

Nyumbani uchaguzi unaendelea. Mjukuu anauliza, "Bibi, hili mbona kubwa na umeliweka pembeni?" Bibi anamwonyesha: mistari ya punje imepinda, ncha ni tupu, na punje ni laini, ukiziminya kwa ukucha zinaacha alama. Anachukua lingine, dogo kidogo, punje zake ngumu na za kung'aa. "Hili halitobolewi upesi, na kinuni halipotezi unga." Katika maneno hayo mna elimu ya wadudu, ya uhifadhi na ya mapishi, na ndiyo maana kuwaacha wanawake nje ya mkutano wa mbegu ni kujinyima mabingwa. Mwisho anasugua kwa dole gumba punje za nchani na za kitakoni na kuziweka kwenye ungo wa chakula. Za katikati, zenye ukubwa unaolingana, ndizo mbegu.

Usichague kutoka mimea michache. Mahindi yaliyotokana na wazazi wachache hudhoofika kizazi baada ya kizazi, kama ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe. Chukua mahindi 100 kutoka mimea 100 tofauti. Kiasi hicho hutoa takribani kilo 10, na kilo 8 hadi 10 zinatosha kupanda ekari moja.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mkulima wa mahindi anayeliweza peke yake. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Chavua kutoka mbelewele za shamba la jirani huvuka mpaka na kutua kwenye ndevu za mahindi yako, na punje zinazotokea huwa na damu ya mashamba mawili. Kuhifadhi aina moja ikiwa safi kunahitaji umbali wa mita 200 au zaidi kati yake na aina nyingine, na kwa shamba la ekari moja na nusu lililozungukwa na watu umbali huo haupo. Zipo njia mbili. Mnaweza kupishana tarehe za kupanda kwa wiki nne hivi ili mashamba yasichanue pamoja, kama mvua za kwenu zinaruhusu. Au majirani wanaopakana wakubaliane kupanda aina moja katika kipande kile, na mbegu ichukuliwe katikati ya kipande hicho, mbali na kingo. Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa wengi, nayo inaanza na mazungumzo kabla ya mvua.

Mazao mengine yana urahisi wake. Maharage, kunde, njugu mawe, karanga, mpunga na ulezi hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo aina mbili zinaweza kukaribiana bila kuharibiana sana. Kwa maharage ogopa magonjwa kuliko mchanganyiko: weka alama mimea yenye afya mapema, na usichukue mbegu kwenye mmea wenye majani ya madoa hata kama maganda yake yamejaa. Mtama huchanganyika kidogo. Uwele huchanganyika sana, utunze kama mahindi. Mbaazi huchanganywa na nyuki.

Wakulima wa mtama na uwele katika maeneo makavu kama Dodoma wana sababu nyingine ya kupatana. Anayepanda peke yake aina inayokomaa mapema hulisha kwelea kwelea peke yake. Kijiji kikipanda kwa wakati mmoja, kundi la ndege hugawanyika katika mashamba mengi na hasara ya kila mmoja hupungua, na zamu za kuwinga watoto na watu wazima wanaweza kupokezana.

Muhogo unataka tahadhari ya pekee

Kwa muhogo, ukarimu unaweza kudhuru. Mbegu ya muhogo ni kipande cha shina, na shina hubeba ugonjwa wa mama yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na watafiti mwaka 1936 huko Amani, katika milima ya Usambara, na tangu hapo umesafiri mbali, kwa inzi weupe na kwa mizigo ya vipando ambayo watu walipeana kwa nia njema kabisa. Ugonjwa mwingine wa muhogo, batobato, utauona kwa macho: majani yamekunjamana na yana mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia hujificha. Mmea unaweza kuonekana mzuri, ukachimba muhogo, ukaukata, ukakuta nyama yake ina madoa makavu ya kahawia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa au kupokea vipando, ng'oeni mashina kadhaa katika shamba lile na mkate mihogo yake vipande, mbele ya anayetoa na anayepokea. Madoa yakionekana, shamba hilo ni la chakula tu. Kikundi kikipata vipando safi kutoka kituo cha utafiti au kwa mzalishaji aliyekaguliwa, kitenge shamba dogo mbali na mihogo ya zamani, kikague kila mwezi, na king'oe mmea wowote wenye dalili bila kuuonea huruma. Migomba inahitaji ukali huohuo kwa sababu ya mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao umewatesa wakulima wa Kagera na Uganda. Hapo hata panga linalotoka shamba moja kwenda jingine lisafishwe kwa dawa ya kufulia yenye klorini au lipitishwe motoni.

Kukausha, jivu na dumuzi

Unyevu huharibu mbegu upesi kuliko mdudu. Anika juu ya mkeka, turubai au kichanja, usianike juu ya udongo mtupu, na geuza mara kwa mara. Kujua kama imekauka, wazee huuma punje: ikikatika kwa mlio iko tayari, ikibonyea bado. Kipimo cha chumvi ni cha uhakika zaidi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, tia konzi ya chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye kikaango, ongeza punje hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Rudisha juani. Kuta zikibaki safi, hata hivyo ongeza siku moja au mbili za jua, kwa sababu mbegu ya kukaa miezi mingi inataka unyevu wa asilimia 12 au 13.

Kwa vizazi vingi, mbegu ya mahindi ilitundikwa na maganda yake darini juu ya jiko, moshi ukaifukizia mpaka msimu. Ilikuwa njia nzuri na kwa kiasi fulani bado ni nzuri. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tanzania mdudu kutoka Amerika ya Kati, akajulikana kwanza Tabora, na leo ameenea Afrika Mashariki yote: dumuzi. Fukusi hula punje moja moja. Dumuzi hupenda hindi zima ambalo punje zake zimeshikana, hujikita humo na kutoboa, na huacha vumbi. Wazee wetu hawakumjua, kwa hiyo hawakuacha dawa yake. Palipo na dumuzi, pukuchua mbegu mapema baada ya kukauka, na usiache mahindi yananing'inia miezi sita. Nasema hivi kwa heshima yote kwa maarifa ya jadi: nayo yalikuwa yakibadilika kila adui mpya alipotokea, na walioyaunda wangekuwa wa kwanza kubadili njia.

Jivu bado ni rafiki. Chekecha jivu la kuni lililopoa na kukauka kabisa, changanya na maharage au kunde mpaka lijaze nafasi zote kati ya punje. Konzi moja kwenye debe haisaidii kitu. Kazi ya jivu ni kuwazuia wadudu kutembea na kukutana, na kuwakwaruza ngozi mpaka wakauke. Wengi huongeza majani makavu ya mwarobaini yaliyotwangwa. Kwa maharage kuna njia isiyogharimu chochote: jaza kibuyu au debe nusu tu, na ulibiringishe asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Kifukusi kinapotoka kwenye yai kinahitaji muda wa kujiegemeza kati ya punje mbili ili kitoboe. Punje zikigeuka kabla hakijamaliza, huanza upya, na kwa kuanza upya mara nyingi hufa.

Chombo kiwe kinachofungika: kibuyu kilichozibwa kwa nta au udongo, chupa ya plastiki iliyokauka, ndoo yenye mfuniko, au mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa siku hizi. Ukitumia mfuko huo, mbegu iwe kavu kwelikweli, maana unyevu ukifungiwa ndani nao hautoki. Weka mbali na bati na ukuta unaopigwa na jua. Andika jina la mbegu, jina la mwenye shamba na mwezi wa kuvuna, kisha weka karatasi moja ndani na nyingine nje.

Mbegu yenye ukungu usiile na usimpe kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Na mbegu iliyochanganywa na dawa ya dukani haigeuzwi chakula hata njaa ikibisha hodi.

Wiki tatu kabla ya kupanda, pima uotaji. Hesabu punje 100 bila kuchagua, zipange kwenye kitambaa kibichi cha pamba, kikunje kama mkeka, kiweke kivulini na kukinyunyizia maji kila siku. Siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikiwa 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 70, ongeza punje katika kila shimo. Zikishuka chini ya 60, tafuta mbegu nyingine, na kama haina dawa wala ukungu, ile ya mwanzo iende jikoni. Kazi hii ikifanywa na kikundi siku moja, mezani pa nyumba moja, kila mtu huondoka akijua ni ghala la nani lenye akiba njema.

Ghala la kikundi

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, na mara nyingi chanzo si mbegu. Mradi unakuja na bati na saruji, jengo linajengwa, mbegu zinawekwa, na baada ya misimu miwili jengo limekuwa stoo ya viti vya kukodisha. Sababu kubwa ni kwamba kanuni ya kurudisha haikuwa na meno.

Wapare wa Same wanaweza kutufundisha hapa. Mlimani kule wamechimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku ili yagawiwe mashambani mchana. Ndiva hujaa tope na mifereji huziba, kwa hiyo kuna msaragambo, siku ya kazi ya wote. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na akiendelea kukaidi hanyweshi. Kazi na faida zimefungwa kamba moja, ndiyo maana mifumo hiyo imedumu vizazi kwa vizazi. Ukambani wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Kila jamii ina jina la kazi ya zamu na ina njia ya kumbana mtegaji. Kikundi cha mbegu kisianze na katiba iliyonakiliwa kutoka wilaya nyingine. Kiulize wazee zamu za kulima ziliendeshwaje hapa, na aliyekunywa pombe ya kazi bila kushika jembe alifanywa nini.

Kanuni ya mkopo iwe fupi kiasi cha kukumbukwa na asiyejua kusoma. Anayechukua kilo 10 hurudisha 15 baada ya mavuno, za aina ileile, zimekauka na kupepetwa. Tano za ziada ndizo zinazompa mbegu mwanachama mpya mwaka unaofuata. Mvua ikikatika kijiji kizima, mkutano huahirisha deni. Likiharibika shamba la mmoja, kamati huenda kuliona. Anayekula deni hapati mkopo mpaka alipe. Kaya 20 zenye ekari moja moja za mahindi zinahitaji karibu magunia mawili ya kilo 100, na hilo halihitaji jengo. Linahitaji ndoo, mapipa na nyumba za kuaminika.

Nasema nyumba, kwa wingi, makusudi. Kila aina igawanywe angalau katika nyumba tatu zilizo sehemu tofauti za kijiji, na ikiwezekana moja iwe kitongoji cha ng'ambo ya mto. Moto, mafuriko, panya na msiba huja nyumba moja moja. Na sehemu ya akiba, kama theluthi, isikopeshwe hata kwa maombi ya machozi mpaka ijulikane kwamba mbegu za kupanda mara ya pili zinatosha. Njaa ikiwa kali, kuiacha ndoo ya mbegu bila kuigusa ni vigumu kwa mama mmoja mwenye watoto. Ni rahisi zaidi pale ambapo funguo ziko mikononi mwa watu watatu na kikundi kimekubali kumchangia chakula yule anayeitunza.

Wekeni daftari. Mkalisheni kijana anayejua kuandika pamoja na wazee wawili watatu, wake kwa waume, na aandike kwa kila aina: jina la kienyeji, ilitoka kwa nani, siku za kukomaa, inapenda udongo gani, inavumilia nini, inaliwaje. Mtajikuta mnabishana, majina mawili ni mbegu moja, au jina moja ni mbegu mbili. Pandeni mistari miwili bega kwa bega na mabishano yataisha wakati wa mavuno. Hata dai la mzee lipimwe hivyohivyo, na la mtaalamu pia. Sikubaliani na wanaomfanya mzee kuwa nabii, wala na mabwana shamba waliozoea kumkatiza kabla hajamaliza kusema.

Ukiuza, ijue sheria

Kupeana mbegu ya asili na jirani ni jambo moja, kuiuza kama mbegu ni jambo jingine. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Sheria hiyo inawafungulia wakulima wadogo mlango unaoitwa mbegu za daraja la kuazimiwa. Kikundi hujisajili, huzalisha aina iliyoidhinishwa kwa kuanza na mbegu ya msingi inayotambulika, mkaguzi hufika shambani, na mbegu ikipita huuzwa ndani ya wilaya. Muone afisa kilimo wa wilaya kabla ya kupanda, kwa sababu shamba ambalo halikukaguliwa likiwa na mimea haliwezi kukaguliwa likiwa gunia. Kumbuka pia kwamba kuna aina zenye haki za wagunduzi chini ya sheria ya mwaka 2012. Hizo usizizalishe kwa kuuza bila idhini. Mbegu za asili zisizosajiliwa haziingii kwenye daraja hilo, na kwa maoni yangu hilo ni pengo ambalo wakulima wanapaswa kuendelea kulipigania.

Kenya pengo hilo lilifikishwa mahakamani. Wakulima wadogo 15 walipinga vifungu vya sheria ya mbegu vilivyoweza kumfunga mtu hadi miaka 2 au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza kuwa kinyume cha katiba. Kwa upande wa dunia, mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea kwa chakula na kilimo wa mwaka 2001 unatambua haki za wakulima, na Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima wadogo linataja waziwazi haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu zao.

Vikundi vinavyotaka sauti pana vina pa kwenda. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, ulianza Morogoro mwaka 1993 na una wanachama vijijini. Huko Gilgil, Kenya, Seed Savers Network hufundisha hifadhi ya mbegu na kusaidia benki za mbegu za jamii. Arusha kuna benki ya taifa ya nasaba za mimea, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambako sampuli ya mbegu yenu inaweza kuhifadhiwa kwenye baridi kwa miaka mingi. Pelekeni sampuli, lakini msiache kuipanda: mbegu iliyo kwenye friji haijifunzi mvua za mwaka huu.

Kama kijijini kwenu hakuna kikundi, nyumba tatu zinatosha kuanza, na zao moja linatosha kwa msimu wa kwanza. Chagueni lile ambalo dukani halipo na wazee wanalikumbuka. Ulizeni nani bado analo; mara nyingi ni mama mmoja pembeni, mwenye vikombe viwili vya njugu mawe kwenye kopo. Mlipeni au mlimieni siku moja, gawaneni mbegu yake, na mkutane tena mimea ikiwa bado imesimama, ili kila mmoja aende shambani kwa mwenzake na uzi wa kufungia mabua.